Kadi ya Kununulia Mama Masikio

Siku moja, wakitoka kanisani kule Kiambere, jirani alimwambia mama yangu kwamba mume wake amelazwa hospitalini na madaktari hawajajua anaugua nini. Mama akatabasamu, akamshika mkono kwa nguvu na kumjibu, "Mungu asifiwe! Mle vizuri, na mtuwekee na sisi." Alidhani ameambiwa habari za posa ya binti yao. Jirani alivuta mkono wake akaondoka, na tangu siku hiyo akawa anapitia njia ya nyuma ili wasikutane. Mama hakujua amekosa nini. Mimi nilielezwa na mke wa mchungaji, ambaye alinipigia simu Embu, ninakofundisha, kuniuliza kama mama yangu ameanza kuwa na kiburi.

Si kiburi. Ni masikio. Nilikuwa nimeona dalili zamani, nikajifanya sioni. Simu zetu za Jumapili zilikuwa zimegeuka kelele. Ningemuuliza kama mvua imenyesha, naye angenijibu kwamba mbuzi mweupe amezaa. Mume wangu alikuwa akitoka sebuleni na kwenda kukaa nje kila nilipompigia, na majirani zetu pale tunapopanga walikuwa wanajua habari zote za Kiambere, mbuzi na mvua na wagonjwa, kuliko watu wa Kiambere wenyewe.

Nilimleta Embu akapimwa. Mtaalamu alimvalisha vitu masikioni, akamwambia ainue mkono kila anaposikia mlio. Nilikaa pembeni nikimtazama mama yangu akiwa ameweka mikono mapajani, ametulia, akisubiri mlio uanze, huku mtaalamu akibonyeza na kubonyeza. Mlio mmoja niliusikia hata mimi kutoka pale nilipokaa. Nikageuza uso nikatazama ukutani.

Dawa ilikuwa vifaa vya kusikia, kimoja kwa kila sikio. Mtaalamu alipotaja bei, nilimwomba arudie, nikidhani na mimi nimeanza kuziba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wangu, kabla haujanifikia, sacco imeshakula sehemu yake kwa ajili ya mkopo wa karo ya watoto, na sacco yenyewe ilikuwa imeniambia nisirudi mpaka nimalize. Harambee nayo sikuiona ikienda. Watu wetu huchangia hospitali, na huchangia mazishi bila kusukumwa. Lakini kuwaita watu wachange pesa kwa ajili ya mama ambaye anapika, analima na kukimbiza mbuzi kuliko wao, eti kwa sababu hasikii vizuri? Wangekula chakula changu waende.

"Kuna njia," mtaalamu akaniambia. "Ukiwa na kadi ya mkopo ya benki, unachukua vifaa leo, halafu unalipa kidogo kidogo kila mwezi. Walimu wengi hufanya hivyo."

Niliona ni jambo rahisi. Mshahara wangu umepitia benki moja tangu nilipoajiriwa. Nilienda nikajaza karatasi zao, nikapeleka payslip, ile karatasi ya mshahara, na kitambulisho, na binti wa kaunta akanipongeza kama vile nimeshapewa. "Wewe ni mwalimu, madam. Nyinyi hamna shida."

Baada ya siku chache ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa darasani: ombi langu halikufaulu. Bila sababu. Nilitoka shule saa za chakula nikakimbia benki. Binti yule yule aliandika jina langu kwenye kompyuta, akakunja uso, kisha akasema kwa sauti ambayo foleni yote nyuma yangu iliisikia.

"Madam, kumbe wewe uko CRB."

Kwa mtu asiyeishi Kenya, hiyo CRB ni ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu wote. Ukiambiwa uko CRB, maana yake ni kwamba ulikopa mahali, ukakataa kulipa, na sasa kila benki nchini inakujua. Ni maneno ambayo hutaki kuambiwa mbele ya mzazi wa mwanafunzi wako, na nyuma yangu kulikuwa na mzazi wa mwanafunzi wangu.

"Haiwezekani," nikasema. "Sina deni la mtu. La sacco linakatwa kwa payslip hata nikitaka kulikwepa siwezi."

"Ni mkopo wa simu."

"Sijawahi kukopa kwa simu."

"Wengi husema hivyo, madam."

Ningeweza kumvuta kupitia lile tundu la kioo. Nilimwomba aniambie ni kampuni gani, akaniandikia jina, na nikatoka bila kumtazama yule mzazi, ambaye alinisalimia kwa upole mwingi, ule wa kumsalimia mfiwa.

Wiki nzima iliyofuata niliitumia kujaribu kuzungumza na binadamu katika ile kampuni ya mikopo. Unapiga, mashine inakuambia ubonyeze moja, unabonyeza, inakuambia ubonyeze tatu, kisha unapigiwa muziki mpaka salio linaisha. Nilipiga wakati wa mapumziko nikiwa nimeegemea choo cha walimu, mahali pekee penye mtandao mzuri. Walimu wenzangu walianza kuuliza kama nina shida ya tumbo.

Hatimaye kijana mmoja akashika. Nilimpa namba ya kitambulisho. Akasema ndiyo, anaona mkopo, umekaa zaidi ya mwaka, wamepiga simu kila wiki, na riba na faini zimeufanya mzito. Nikamwambia kuna mwizi ametumia kitambulisho changu na nitakwenda polisi.

"Sawa, madam," akasema. "Waambie polisi mkopo ulichukuliwa na laini hii." Akaanza kunisomea namba.

Sikumwacha amalize. Namba ile naijua kuliko ya mume wangu. Ndiyo ninayoitumia kila Jumapili kumtumia mama salio.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mama alipopata simu yake ya kwanza hakuwa na kitambulisho. Cha zamani kilikuwa kimepotea na hakuona haja ya kufuatilia kingine. Nilimsajilia laini kwa jina langu, pale pale kwenye kibanda cha kuuzia simu. Kila mtu hufanya hivyo. Nani angefikiri mwanamke aliyekuwa akinipa simu nimsomee ujumbe angejifunza kukopa?

Jumamosi nikaenda Kiambere. Nilimkuta uani akipura ndengu kwa fimbo, kitambaa kichwani, vumbi likimzunguka. Alifurahi kuniona. Akataka kuchinja kuku. Nikamwambia sikuja kula kuku.

"Maitu," nikamwita, jinsi tunavyomwita mama kwetu, "ulikopa pesa kwa simu?"

"Nini?"

"Pesa! Ulikopa kwa simu?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa mama yangu hakuna tena mazungumzo ya siri. Jambo lolote lazima lipigiwe kelele, na upande wa pili wa ua wa miiba kulikuwa na majirani wanaopura ndengu zao pia. Fimbo zao zilikuwa zimenyamaza.

"Eeh, nilikopa," akajibu, naye kwa sauti ya juu, bila aibu hata chembe. "Nilifundishwa na mama mmoja wa kikundi chetu cha wanawake. Unabonyeza tu. Hao watu ni wazuri, hawakuulizi unataka za nini."

"Ulitaka za nini?"

"Dawa ya kupulizia ndengu. Wadudu walikuwa wamezidi."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe una watoto shuleni. Nikuombe dawa ya ndengu?"

"Na mbona hukulipa?"

Hapo akaweka fimbo chini. Nilikuwa nimemkasirisha. "Nililipa! Nilikopa nikalipa. Nikakopa tena nikalipa, wakanisifu, wakaniongeza. Ya mwisho ndiyo mvua ilikataa. Nikasema nitalipa msimu unaokuja. Wangeniuliza ningewaambia."

"Maitu, walikuuliza! Walikupigia simu mwaka mzima!"

Akanitazama. Kisha uso ukabadilika polepole, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka kisu.

"Yule kijana?" akasema. "Yule wa kunipigia kila wiki?"

"Kijana gani?"

"Kuna kijana alikuwa ananipigia. Simu ikitetemeka nashika, nasikia mbu-mbu-mbu, mbu-mbu-mbu. Sauti ya adabu. Nilijua ni yule mtoto wa dada yangu aliyeenda Mombasa. Nikawa namwambia, sisi tuko wazima, Mungu akubariki, salimia watoto. Nikamwambia aje Krismasi."

Nilitaka kupiga kelele zaidi, nikaacha. Nilimfikiria huyo kijana mahali fulani Nairobi, na orodha yake ya wadaiwa, akimtisha mama yangu kwa mahakama, na mama yangu akimbariki. Upande wa pili wa ua mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mama hakumsikia. Alikaa juu ya gunia, akapangusa mikono kwa leso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akashusha sauti.

"Kwa hivyo waliandika jina lako?"

"Waliandika langu."

"Hao si watu wazuri," akasema.

Mkopo wenyewe, alipoukopa, haukuwa umefika bei ya mbuzi wa maana. Faini ndizo zilizoufanya mbuzi na mtoto wake. Mama alitaka auze yule mweupe siku hiyo hiyo. Nilikataa, tukabishana, nikalipa kwa simu yangu nimesimama pale uani, nikiwa na hasira kwa kila mtu: kwake, kwa kampuni, kwa mama wa kikundi, kwa wadudu wa ndengu, na kwangu mwenyewe kwa kuwa nilikuja na kelele badala ya kuja na masikio. Kisha tukala kuku. Alikuwa amemchinja nikihangaika na simu.

Nilidhani hapo pameisha. Nilipata cheti cha kuonyesha nimemaliza kulipa, nikakipeleka benki Embu kwa mwendo wa mtu aliyeshinda kesi. Binti alikisoma, akaniandika tena kwenye kompyuta.

"Madam, ni kweli umelipa. Lakini rekodi bado inaonyesha kwamba ulichelewa."

"Nimeleta cheti."

"Cheti kinasema hudaiwi. Hakisemi kwamba hukuchelewa. Alama zako ziko chini. Sistimu imekataa."

"Mshahara wangu unapita hapa kila mwezi. Mnauona."

"Tunauona, madam."

"Si mimi niliyekopa. Ni laini tu ilikuwa kwa jina langu."

"Laini ikiwa kwa jina lako, ni wewe."

Nikaomba kuonana na meneja. Meneja alikuwa mtu mpole aliyenipa kiti na maji, akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka nilipofika pale pa "salimia watoto", akaniambia kisa changu ni kizuri sana. Kisha akaniambia sistimu haisikilizi visa. Nikamuuliza alama hupanda vipi. Akasema, kwa kukopa na kulipa kwa wakati.

"Kwa hivyo nikope?"

"Kidogo kidogo. Hata kwa simu."

"Mimi ambaye sijawahi kukopa kwa simu, nimekataliwa kwa sababu ya mkopo wa simu, dawa yake ni nikope kwa simu?"

Alifikiri kidogo. "Ukiiweka hivyo, ndiyo."

Kabla sijatoka akanionyesha njia nyingine. Kulikuwa na kadi ya mkopo ya watu wenye historia mbaya kama mimi. Ninaleta pesa zangu, benki inazifungia kama dhamana, kisha wananipa kadi ambayo ninaweza kukopa nayo mpaka karibu kiasi kile kile.

"Nikikopa, ninalipa riba?"

"Ukichelewa, ndiyo. Na kuna ada ya mwaka."

"Na nikiwa na hizo pesa mkononi, si ningeenda tu kununua masikio ya mama?"

"Hiyo sasa ni juu yako, mwalimu," akasema, na naapa alisema kwa huruma.

Nilifanya nilichoambiwa. Kila mwezi nilikopa kwa simu kiasi kidogo nisichokihitaji, nikakiacha kikae, nikakirudisha kabla ya siku yake na riba juu. Nililipa watu ili waseme mimi ni mtu wa kulipa. Mume wangu aliuliza kama hizo riba si ndizo zingenunua betri za vifaa. Nilimwambia asinisemeshe.

Katikati ya mambo hayo nilimpeleka mama Siakago kuomba kitambulisho kipya, ili laini ihamie kwa jina lake. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Karani alimuuliza maswali akiwa ameinamia karatasi, na mama, ambaye siku hizo alikuwa akisikia zaidi kwa kutazama midomo, alimtazama utosi akanyamaza. Karani akainua macho akaniuliza kama mama huyu anaficha kitu. Nikawa mkalimani: karani ananiambia mimi, mimi ninapiga kelele, mama anapiga kelele, na mistari yote ya kando kando ikajua babu yangu alizaliwa wapi. Vidole vyake navyo, kwa kulima miaka yote hiyo, vilikuwa laini kama sahani, alama zake hazikushika. Walivipangusa, wakavibandika tena, wakavipangusa. Kitambulisho kilipotoka baada ya wiki nyingi, tukahamisha laini.

"Sasa nikikopa," mama akaniuliza njiani, "ni jina langu?"

"Usikope, Maitu!"

"Sijasema nitakopa. Nimeuliza."

Zamu yangu ya kupewa pesa za chama, kile kikundi chetu cha kuchangiana kila mwezi, ilipofika, nilichoka na mabenki nikaenda moja kwa moja kwa yule mtaalamu. Pesa zilitosha sikio moja. Tulichagua la kulia kwa sababu ndilo analoegeshea simu. Mtaalamu alipokiwasha kile kifaa, mama alishtuka akashika kiti. Akatazama dirisha, kisha akatazama feni, akauliza kama inasumbua hivyo kila siku. Nikamuuliza kwa sauti yangu ile niliyoizoea kama ananisikia.

"Mbona unanipigia kelele?" akasema. "Mimi si mbuzi."

Nilitoka nje kidogo nikajifanya ninapokea simu.

Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa jirani yake. Sikuwepo, kwa hivyo sijui walichoambiana. Najua tu kwamba mume wa jirani alishapona, na kwamba walikaa mpaka jua likashuka, kwa sababu nilipiga simu mara kadhaa na hakushika, na safari hii hakushika kwa kuwa hakutaka.

Kadi nayo ilikuja. Nilikuwa nimeacha kuingoja. Binti wa benki alinipigia mwenyewe, sauti imejaa furaha, kuniambia kwamba alama zangu zimepanda na sistimu imekubali. Nilikwenda kuichukua. Ni kadi ya rangi ya bluu, na kiwango chake kinatosha sikio la kushoto na kubaki kidogo. Nilimpigia mama hapo hapo nje ya benki, nikamwambia ajiandae, anakuja Embu kuwekewa la pili.

"La nini?" akasema.

"Masikio ni mawili, Maitu."

"Hili moja linanitosha. Hujui kelele zilizo hapa duniani. Huku kwa kushoto nalalia, napumzika."

"Nimehangaika na hii kadi mwaka mzima!"

"Nakusikia," akasema. "Usipige kelele."

Nilimweleza kwamba mtaalamu alisema sikio lisilosaidiwa huzidi kufa. Akasema ndengu zimekomaa na hawezi kuziacha kwa ajili ya sikio. Nikamwambia nitakuja kumchukua Jumamosi. Akasema Jumamosi kuna kikundi. Nikamwambia basi Jumatatu, nitaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Akasema tutaona, na nikajua kutoka utotoni mwangu hilo neno lina maana gani.

Benki imeshakata ada ya mwaka ya kadi. Kadi yenyewe haijatumika hata mara moja. Nimeomba ruhusa ya Jumatatu, na mwalimu mkuu amenipa. Nitakwenda Kiambere mapema kabla hajatoka kwenda shambani, na ikibidi nitamsaidia kuvuna ndengu kwanza.